Likizo Ilikuwa Yangu

Sikuda, 10 Mei 2024

Mkwe wangu Mama Phillip,

Salamu nyingi kutoka Sikuda. Kifua chako kimepoa baada ya zile mvua? Phillip hajambo? Barbara wangu hajambo? Na yule mbuzi mweupe alishazaa? Mimi nipo. Goti linaniuma asubuhi, ikifika saa nne linaniachia niende shamba. Mihogo imeshika vizuri. Hayo ndiyo ya huku.

Naandika kwa sababu simu yangu imeharibika: mimi nakusikia, wewe hunisikii. Na hata ilipokuwa nzima ulikuwa unaongea peke yako. Karatasi huwezi kuikatiza. Nimempa Oguttu, yule anayekuja kwenu kununua nyanya, nikamwambia akupe mkononi mwako, asimpe Barbara.

Watoto wako wapi?

Shule zilifungwa Ijumaa iliyopita. Jumamosi nilifagia uwanja wote, nikatandika kitanda, nikanunua mukene, wale samaki wadogo anaowapenda Jovia. Jumapili sikwenda hata kanisani, nikiogopa watafika wakute mlango umefungwa. Jumatatu nikaomba simu ya jirani, nikampigia Barbara. Akaniambia, "Mama, wanasema wabaki kwanza. Kuna chakula shuleni." Nikamuuliza, chakula gani shuleni na shule imefungwa? Ndipo nikaelezwa. Kwamba Mukuju kuna jiko la likizo. Kwamba watoto wa kijiji kizima, na mama zao, na wazee wasio na mtu, wanakwenda kula mchana bila kutoa hata sumni. Na kwamba mpishi mkuu ni wewe.

Mama Phillip, anayemlisha mtoto mwenye njaa Mungu ambariki, hilo nalisema kwa moyo wote. Lakini Jovia na Awor hawana njaa. Wana baba, wana mama, wana wewe. Wewe unaamka nao na kulala nao, unawasikia wakigombania sabuni. Kwangu Barbara ndiye mtoto pekee niliyebakiwa naye, na hao wawili ndio wajukuu wangu wote, na nawapata likizo tu. Tulikubaliana hivyo tangu Jovia alipoachishwa ziwa. Wewe mwenyewe ulisema, "Likizo ni yako." Sasa umewasha moto mkubwa nyumbani na likizo yangu imeingia ndani ya sufuria yako.

Naona wivu. Nimeliandika neno lenyewe ili usijisumbue kulitafuta. Niletee wajukuu wangu.

Ni mimi mkweo,
Mama Barbara


Mukuju, 16 Mei 2024

Mama Barbara mkwe wangu,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako, ingawa umeikandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka. Pole na goti, likande kwa maji ya moto yenye chumvi. Kifua changu kimetulia. Mbuzi alizaa mapacha, mmoja akafa. Phillip na Barbara wazima, wanakusalimu.

Sasa nisikilize, maana hili la jiko wamekueleza nusu. Shule ikiwa wazi mtoto anapata uji asubuhi na ugali wa posho mchana. Shule ikifungwa, mtoto anarudi kwa mama ambaye naye anangoja mahindi yakomae, na mwezi wa tano hakuna ghala lenye kitu hapa. Mwaka jana jirani yangu Acom alikuwa akiwachemshia watoto maembe mabichi. Nilipita pale, nikaona, nikarudi nyumbani nikashindwa kula. Mwaka huu mwalimu mkuu ametupa ufunguo wa jiko la shule, parokia imetoa mahindi na maharage, kila nyumba inaleta kuni. Mimi nimejitolea kupika kwa sababu nimepika kwenye matanga ya eneo hili lote na sufuria kubwa hainitishi. Ni hivyo tu. Sikukaa chini nikapanga njama.

Wajukuu wako sikuwazuia. Niliwaambia nendeni kwa Bibi Sikuda, Jovia akasema wiki ijayo. Hawafuati chakula changu, wanafuata wenzao. Awor kazi yake ni kuwapanga wadogo kwenye mstari, na sauti anayo. Hata mimi hawanitazami. Nikiwa jikoni wananiita Mpishi, kama watoto wengine wote.

Acha hasira, njoo uone kwa macho yako. Njoo Jumanne. Posho anasonga Phillip mwenyewe, maana sufuria ile inataka mikono ya mwanamume, na ndiye anayepakua. Nitamwambia akuwekee sahani ya kwanza. Tule pamoja kama zamani sokoni Busia, wewe na mukene wako, mimi na karanga zangu, tukila sahani moja mwavuli mmoja.

Mkweo anayekupenda,
Mama Phillip


Sikuda, 21 Mei 2024

Mama Phillip,

Goti limepona kwa hasira. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Watoto wamefika juzi, watakaa siku chache, shule ifunguliwe. Nashukuru kwa mabaki. Tangu wameingia sijasikia jingine ila jiko lako. Awor hata kula ananiambia, "Bibi, kwanza tupange mstari." Mstari wa watu wawili.

Lakini sikuandika kwa hilo. Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma tena. Unaniita nije Mukuju, nikae mbele ya watu, mkwe wangu wa kiume anipakulie posho kwa mkono wake, nami nifungue mdomo nile akinitazama? Wewe uliyekaa mstari wa mbele siku ya mahari? Kwenu Wapadhola mama mkwe hali chakula cha kwa mkwewe. Kwetu Wasamia hali. Ni jambo moja ambalo makabila yetu hayajawahi kubishania.

Unaikumbuka ile sahani moja ya sokoni. Mimi naikumbuka kuliko wewe. Siku Phillip alipoleta ng'ombe kwangu ndiyo siku niliyojua kwamba chakula chako sitakionja tena nyumbani kwako. Sikunung'unika, ndiyo heshima, na mtoto wangu alipata mume mwema. Lakini ni wewe uliyebaki na kijana, ukampata na binti, ukawapata na watoto. Mimi nilibaki na heshima. Sasa hata watoto umewaweka mahali ambapo wanakula na mimi siwezi kukaa nao. Ama umesahau, ama umekusudia. Sijui lipi linauma zaidi.

Basi nakuarifu. Agosti Sikuda itapika. Nimeshaongea na akina mama wa kanisa. Hapa pia kuna watoto, hapa pia ghala ni tupu, na mimi pia nina mikono. Na hakutakuwa na maharage matupu.

Mama Barbara


Mukuju, 30 Juni 2024

Mkwe wangu,

U mzima? Nimekaa muda mrefu bila kujibu, na si kwa dharau. Nilikuwa sijui pa kuanzia.

Nilisahau. Ukweli ndio huo, ingawa hautoshi. Nilipokuwa naandika nilikuwa namwona Mama Barbara wa sokoni, yule aliyekuwa ananiibia karanga huku akinitazama usoni. Sikumwona mama mkwe wa Phillip. Phillip mwenyewe aliposikia nilichoandika alishika kichwa. "Mama, umeniua," akasema. Wiki nzima hakupita mbele ya mlango wangu. Nisamehe.

Likizo ya Agosti watoto watakuja kwako shule zikifungwa tu, siku ya pili yake, na watakaa mpaka zifunguliwe. Nimewaambia mbele ya mama yao.

Nami nikuambie langu. Jovia aliporudi kutoka kwako alionja maharage yangu akasema, "Bibi wa Sikuda anatia karanga ya kusaga na ndimu." Mbele ya watoto wote waliokuwa kwenye mstari. Nilicheka, lakini jioni nilisaga karanga. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako.

Nimefurahi kwamba mtapika. Nikupe neno moja la kazi. Anza na posho na maharage. Usianze na wali. Mtoto akila wali siku ya kwanza, siku ya pili analeta binamu zake wote.

Mkweo,
Mama Phillip


Sikuda, 14 Agosti 2024

Kwa Mama Phillip wa Mukuju,

Hujambo wewe na nyumba yako? Huku hatujambo, na tuna kazi.

Jiko la Sikuda limefunguliwa tangu tarehe tano, na ungekuwepo ungeficha uso. Tumejenga mafiga matatu nyuma ya kanisa. Tuna masufuria mawili makubwa ya kuazima na moja letu. Siku ya kwanza tulipika wali na nyama. Ndiyo, wali. Uliniambia nisianze na wali, nikajua unaogopa. Siku ya pili watoto walikuja wengi zaidi, kama ulivyosema, na wote walikula wakashiba. Mukene tunatia karanga. Wanakuja na sahani zao, wengine na vifuniko vya ndoo, wanakaa chini, wanaimba kabla ya kula. Nimesimama pale na mwiko nikajisikia mtu. Miaka mingi sijajisikia hivyo.

Lakini kila siku naangalia barabara.

Shule zimefungwa wiki nzima iliyopita na wiki hii inakatika, na wajukuu wangu siwaoni. Uliandika kwa mkono wako: siku ya pili yake. Nimeweka kiapo chako hapa mezani. Kila mtoto anayeinua sahani natazama kama ni Jovia. Akina mama wa kanisa wananiuliza, "Mama, hao wajukuu uliotuambia ndio watakula kwanza wako wapi?" Nawajibu wako njiani. Nimeishiwa na maneno ya kuwaambia.

Umewaficha. Umesikia Sikuda kuna wali ukawaficha. Nakujua, Mama Phillip, huwezi kuvumilia mtu akikupita hata hatua moja. Sokoni pia ulikuwa hivyo, mteja akisimama kwangu unapandisha sauti. Sasa unaninyima watoto ili wasione kwamba bibi yao naye ana sufuria.

Waache waje. Chakula kipo. Nimewawekea mchele kando.

Mama Barbara


Mukuju, 16 Agosti 2024

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu. Oguttu alinikuta bustanini, nikasoma barua yako nimesimama, na nikacheka mpaka Barbara akatoka nje kuuliza nani amekufa.

Mama Barbara, shule hazijafungwa. Shule za Uganda zinafungwa Ijumaa ijayo, tarehe ishirini na tatu. Jovia yuko darasani sasa hivi ninavyoandika. Zilizofungwa ni za Kenya. Unasikiliza redio ya ng'ambo ya mpaka asubuhi hadi jioni, ukasikia mtangazaji anawatakia wanafunzi likizo njema, ukawasha moto! Na hao wanaoimba kabla ya kula, umewauliza wanatoka wapi? Unawalisha Wakenya, mkwe wangu. Unawalisha wali.

Usinikasirikie, nacheka kwa upendo. Watoto watakuja Jumamosi tarehe ishirini na nne kama nilivyosema. Huo mchele uweke hapo hapo.

Mkweo,
Mama Phillip


Mukuju, 27 Agosti 2024

Mama Barbara,

Sikuamkii leo.

Jumamosi nimekuletea watoto, wamefungasha nguo za wiki tatu. Jana Jumatatu saa tano asubuhi nasikia pikipiki uwanjani, naona Jovia na Awor wanashuka na mifuko yao. Wanasema Bibi ana safari. Safari gani? Umekaa Sikuda miaka yote hiyo hujawahi kulala nje hata kwenye harusi ya kaka yako. Umenitukana mwezi mzima kwamba nimewaficha, nimewanunua, nimeingiza likizo yako kwenye sufuria, na nilipokuletea umewarudisha baada ya siku mbili. Awor amelia njia nzima. Anauliza amekosa nini. Ungeniambia kwamba ulichotaka ni kunishinda, si watoto. Ningeelewa.

Na sitakuficha. Walipoingia nilifurahi. Niliwaza, wamerudi kwangu wenyewe. Nikaona aibu baadaye, lakini kwanza nilifurahi.

Naendelea jioni. Sikuweza kuifunga barua, kwa sababu Jovia amekuja kukaa nami jikoni tukichambua maharage, akaniambia bila kuulizwa. "Bibi, chakula ya kule iliisha. Masufuria amegeuza chini. Asubuhi watoto walikuja na sahani, Bibi akawaambia rudi nyumbani, halafu akaingia ndani akafunga mlango. Sisi alitupikia ule mchele. Yeye hakukula. Alisema ameonja sana jikoni mpaka ameshiba. Lakini Bibi, hakuna kitu alipika ingine."

Nimekaa na hayo maneno.

Ulipika wiki tatu kwa watoto wa ng'ambo, na siku shule zetu zilipofungwa, wetu walipokuja na sahani, ukawa huna kitu. Nami nilicheka. Nimeisoma tena ile barua yangu kichwani, pale nilipoandika unawalisha wali. Ningekuwa na uwezo ningeirudisha kutoka mkononi mwa Oguttu.

Nimefikiri la kufanya tangu alasiri. Siwezi kukuita huku. Siwezi kukuletea chakula kilichopikwa kwa Phillip. Lakini mimi ni mama wa mwanamume, mimi kwako nakula, hakuna kinachonizuia. Jumapili nakuja na watoto, na Phillip atakodi pikipiki ya matairi matatu, ataleta mahindi magunia mawili na maharage, atayashusha barabarani bila kukanyaga uwanja wako. Mahindi yasiyopikwa kutoka kwa mkwe si aibu. Mtafungua jiko.

Usikatae.

Mkweo,
Mama Phillip


Sikuda, 29 Agosti 2024

Mkwe wangu Mama Phillip,

Nimepata barua. Goti limerudi. Natumaini Awor ameacha kulia.

Jovia ana macho kama ya mama yake, na mdomo kama wako.

Basi nikueleze mwenyewe, usisikie kwa mtoto tu. Wiki ya kwanza nilipowaona watoto wengine wakipita na sare nilidhani ni wa darasa la mtihani, wanabaki kusoma. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kukupita, na mwenye haraka ya namna hiyo haulizi. Ulipoandika kwamba hao ni wa ng'ambo nilikwenda jikoni siku hiyo hiyo nimekaza moyo, niwaambie rudini kwenu. Mtoto wa kwanza kwenye mstari alikuwa amebeba mdogo wake mgongoni, na mdogo ndiye aliyeshika sahani. Nikapakua. Ningefanya nini? Kesho yake nikapakua tena. Akina mama wa kanisa wakasema tupunguze, tukapunguza. Ilipofika tarehe ishirini na tatu tulikuwa na unga wa siku moja. Jumamosi watoto wetu wakala huo. Jumatatu wakaja na sahani, na mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Wengine hawakuondoka. Walikaa pale nyuma ya kanisa mpaka saa nane, wakitazama mafiga.

Sikutaka Jovia aendelee kuyaona hayo. Ndiyo safari yenyewe.

Sasa kuhusu magunia yako. Usiyalete.

Najua ni wema. Ndiyo maana siyataki. Ukija na magunia, wajukuu watasema maisha yao yote kwamba Bibi wa Sikuda alijaribu akashindwa, na Bibi wa Mukuju akaja akalisha hata Sikuda. Watalisema kwa upendo na litakuwa kweli. Mambo mengine nimekuachia, Mama Phillip. Nimekuachia binti yangu akuite mama. Hili moja siwezi. Heri niwafuate hawa watoto nyumba kwa nyumba nikiomba unga kwa wenyeji kuliko kuupokea kwako. Nimeshaanza kuomba. Jana nimepata mabeseni mawili.

Kama ni kuja, njoo mikono mitupu. Ukiwa na hata kikombe cha maharage nitakurudisha barabarani, na watoto waone.

Mama Barbara


Mukuju, 30 Agosti 2024

Mkwe wangu,

Salamu. Nakuja Jumapili na watoto. Mikono mitupu.

Mama Phillip


Sikuda, 17 Septemba 2024

Mkwe wangu Mama Phillip,

Habari za kurudi shule? Jovia alipata zile soksi? Awor amezoea kuamka mapema tena? Huku nyumba imekuwa kubwa tena. Goti halijambo. Nimechelewa kuandika kwa sababu siku zote hizi nilikuwa sina nafasi, na ulipokuwa hapa hatukuzungumza, tulikuwa tunapakua.

Najua ulitegemea kukuta nini. Nilikuona ulivyoingia uwanja wa kanisa ukiwatangulia watoto, umeshatengeneza uso wa kunipa pole. Kisha ukaona moshi.

Sikupata nafasi ya kukuandikia kabla. Ijumaa ile ile Oguttu alipoondoka na barua yangu, alikuja mwanamke mmoja kutoka ng'ambo, anaitwa Florence. Ndiye mama wa yule aliyebeba mdogo wake. Shule zao zilikuwa zimefunguliwa Jumatatu, na mtoto alimweleza kwamba yule mama wa Uganda masufuria yake yamegeuzwa. Jumamosi asubuhi Florence alirudi na wenzake, kila mmoja na debe la mahindi mapya kichwani, wengine na omena, ndio mukene wa kwao, mmoja hakuwa na kitu ila kuni. Niliwaambia, sikuwaita. Florence akacheka. "Mama, watoto wetu walikula huku wiki tatu. Tungekosa aje kuja?" Wakaketi wakaanza kupukuchua. Wote wale uliowaona Jumapili wanatwanga na kupepeta na kukuita "mgeni" ndio hao.

Uliketi mkekani ukanyoosha miguu, na Jovia akakuletea sahani kwa magoti, kama mgeni hasa. Ulikula, ukaomba tena. Nilisimama na mwiko nikihesabu matonge yako. Miaka yote tangu mahari sijawahi kukuona ukila chakula changu na kukisifu mbele ya watu. Ulisema, "Hii karanga imesagwa na mtu anayejua." Kisha ukatazama watoto walivyokuwa wengi, wa huku na wa kule, na ukatazama wanawake ambao hakuna aliyewaita, na nikaona uso wako umebadilika. Kwenye jiko lako kila nyumba inaleta kuni kwa sababu mwalimu mkuu ameagiza. Haikukupendeza kuona. Nami nilipendezwa. Nilipendezwa sana. Nakuambia ili tusidanganyane.

Oguttu amenieleza pia kwamba kulikuwa na magunia mawili na maharage dukani kwa rafiki yake hapo Busia, yaliyoachwa na Phillip Jumapili asubuhi, yakachukuliwa Jumatatu. Kwa hiyo ulikuja mikono mitupu, na magunia yalikuwa mwendo wa nusu saa yakingoja nishindwe. Nilipanga kukukasirikia. Nimejaribu siku kadhaa. Ningekuwa wewe nami ningeyaacha hapo hapo.

Desemba watoto tuwagawane. Waanzie popote, lakini siku ziwe sawa, na mwalimu wa shule ya hapa ameniandikia tarehe ya kufunga ukutani kwa chaki. Tukipika pande zote mbili basi wale pande zote mbili.

Liko jambo moja nililotaka kukuandikia tangu siku ile na nimelizungukazunguka mpaka karatasi inakwisha.

Baada ya kula, watu walipokuwa wanaosha sahani, Awor alikuja na usingizi. Nilimwona anakuja. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, nikapangusa mikono, nikafungua mapaja. Akanipita. Akaenda akalala kwako, pale mkekani, kichwa kwenye paja lako, kidole mdomoni. Na wewe ulikuwa umeshasinzia, hata hukujua.

Iliniuma, Mama Phillip. Nimelisha watoto wa nchi mbili na huyu mmoja akalala kwako. Nilifikiri kumwamsha. Nilifikiri kumbeba polepole nimhamishe, nawe ungeamka ukamkuta kwangu usijue kitu. Mikono ilikwishanyooka.

Nikaacha. Nilikuwa bado na khanga yangu begani, nikakaa karibu yenu nikawafukuzia nzi, wewe na yeye, mpaka jua likazunguka upande wa pili wa kanisa. Hakuna aliyeniona ila Florence.

Awor alipoamka hakufungua hata macho. Aliita tu, "Bibi." Tuliitika sote wawili. Mimi nilitangulia kidogo.

Ni mimi mkweo,
Mama Barbara